Pua ya Dada Mwanatumu na Maua ya Mwarobaini

Haya ninayotaka kuyaandika nyie hamtayaamini, na mimi sitawalaumu, kwa sababu hata mimi niliyekuwapo kuna siku nikiyakumbuka najiuliza kama si mimi niliyeyatunga. Mwenye kubisha na aje Mji wa Kale, aulize nyumba ya Mwanatumu mpika udi. Ataonyeshwa hata na paka.

Mwanatumu ni dada yangu wa tumbo moja, yeye wa kwanza na mimi wa mwisho. Mimi naitwa Badawi. Kazi yangu ni kuwatembeza wageni Ngome ya Yesu, na kwa kazi hiyo nimejifunza kwamba mgeni akiambiwa ukweli mtupu husinzia. Shuleni nilifika darasa la nne, na hilo la nne nililipenda hata nikalikaa tena. Dada hakwenda shule ya serikali hata siku moja. Alisoma chuoni, akahitimu Msahafu, akatoka na ile pua.

Pua ile hakuna ajuaye aliipata wapi. Baba na mama walikuwa na pua za kuvutia pumzi tu. Yeye, ukipita chini ya dirisha lake akiwa amekaa ndani na kazi zake, alijua kama watoka Marikiti au watoka bandarini, na kama ni Marikiti, ulisimama kwenye maembe au kwenye vitunguu. Siku moja alikuja mchuuzi na kichupa cha ambari, akakiweka mbele yake kwa madaha kama mtu anayeweka yai. Dada hakukifungua. Alimwambia, "Baba, hii ambari yako umeiongeza mafuta ya nazi, na nazi yenyewe ilikuwa imevunda." Yule mtu alichukua kichupa chake akaondoka. Nasikia mpaka leo hajarudi Mombasa.

Kazi ya udi wengi wenu mnaijua kwa moshi wake, hamuijui jikoni. Vipande vya mti wa udi hutiwa ndani ya sukari inayochemka, pamoja na mawardi, zafarani, miski na mafuta ya kunukia ambayo kila mpishi ana yake na hayataji. Siri iko kwenye sukari. Ikitoka motoni mapema, udi wako utanuka shira. Ikichelewa, utanuka sufuria iliyoungua. Kati ya mapema na kuchelewa pana nafasi ya pumzi moja, na nafasi hiyo haionekani kwa macho, hunuswa. Ndiyo maana nyumba ya Dada mtu haingii na sigara. Mimi navuta, namshukuru Mola, na kwa miaka mingi nimekuwa nikitafuna iliki tangu kona ya msikiti mpaka mlangoni kwake, na kila mara nilisikia sauti kutoka juu kabla sijagusa ngazi: "Badawi, rudi ukasukutue."

Sasa mwaka wa sitini na tano, Mahfudha, binti yake wa pekee, alikuwa aolewe mfungo mosi, mwezi unaoanza kwa Idi. Na kwa watu wa nyumba yetu, udi wa bibi arusi hupikwa na mama yake kwa mkono wake mwenyewe. Dada alikuwa amewapikia udi mabibi arusi wa nusu ya mji huu, na ule wa mwanawe alikuwa akiuwaza tangu Mahfudha anatambaa. Alikuwa na vipande vizuri alivyovificha kashani miaka mingi, ambavyo hata akipewa dhahabu havitoi. Juu ya hayo, mama wa bwana arusi alikuwa Bi Sheikha wa Kibokoni. Bi Sheikha naye ana pua, ila pua yake yeye ina mdomo. Asichokipenda asubuhi, adhuhuri kimeshafika Lamu.

Hapo ndipo miti ilipoingia.

Mji wetu huu watu huusifu kwa mawe na milango, wakasahau kwamba kisiwa chote ni miti. Toka Kizingo, pita Makadara, mpaka kuta za Ngome, ni miarobaini inayogusana mabega. Mwaka ule mvua za vuli zilikuwa haba, jua likakaza, na miarobaini ikachanua kana kwamba imewekeana dau. Vijiua vyeupe vidogo kama chenga za mchele vilianguka juu ya mabaraza, juu ya kofia za watu, ndani ya vikombe vya kahawa. Jioni mji mzima ulinuka asali. Ukipangusa kizingiti kwa kidole, kidole kilitoka na unga. Watu walifurahi wakisema mwaka una baraka. Nami nilifurahi, kwa kuwa wageni wangu walipenda kupigwa picha na maua vichwani.

Nyuma ya nyumba ya Dada pana kiwanja cha jirani, na ndani yake mwarobaini mkubwa ambao matawi yake yamevuka ukuta yakaingia uani kwake. Hapo uani, ambapo kwake ni ghorofani, ndipo anapopikia.

Chafya ya kwanza aliipiga asubuhi ya Idi, wakati watu wanapeana mikono. Akasema alhamdulillahi, tukamwombea rehema, akajibu, tukaendelea na halua. Akapiga nyingine. Tukamwombea. Akapiga nyingine. Mpaka sahani ya halua inaisha tulikuwa hatujasema neno jingine ila kumwombea. Siku zilizofuata, jirani wa dirisha la pili, mwanamke mcha Mungu sana, alikuwa akimjibu kwa kupaza sauti kutoka kwake kila aliposikia. Alivumilia kwa muda, kisha akenda kumuuliza mwalimu wa chuo. Mwalimu akamwambia mtu akizidisha tatu mfululizo huyo ana mafua, aombewe afya kwa jumla, yatosha. Yule mama akamwombea kwa jumla na akafunga dirisha.

Macho yakawa mekundu, yakawasha. Kisha pua ikaziba. Na mwajua nani aliyegundua ya kwamba pua imeziba kabisa? Mimi.

Nilikuja kumtazama baada ya kazi. Siku hiyo nilisahau iliki. Nilivuta sigara mpaka kwenye ngazi, nikaizima kwenye ukuta, nikapanda huku nangojea kufukuzwa. Kimya. Nikafika juu, nikamsalimu, nikakaa karibu yake kabisa. Akanimiminia kahawa.

Nilimtizama Mahfudha, Mahfudha akanitizama. Kwanza nilifurahi, siwafichi kitu, nilifikiri nimesamehewa. Kisha nikaingiwa na shaka.

"Dada," nikamwambia, "nanuka nini?"

"Wanuka nini, wanuka Badawi," akasema, na sauti yake yatoka kama iliyofungiwa mtungini. "Kunywa kahawa."

"Mjomba amevuta sigara, mama," Mahfudha akasema polepole.

Dada aliliweka dele la kahawa chini. Alininusa begani, akaninusa kifuani, akanishika mkono akanusa vidole vyangu kimoja kimoja kama mtu anayetafuta pete. Kisha akaniachia.

"Sisikii kitu," akasema. "Nyumba ni kama imehama."

Akatukataza kusema nje. Kesho yake, kwa ukaidi tuliozaliwa nao sote wawili, akawasha seredani uani akajaribu kupika kidogo kwa vipande vya kawaida. Akaketi juu ya sufuria, akafumba macho kama kawaida yake, akawa anavuta pumzi na anangoja. Mahfudha alikuwa ndani anakunja nguo, akatoka mbio. Sukari ilikuwa nyeusi, moshi umetanda, na mama yake amekaa katikati ya moshi ule ametulia, angali anangoja harufu.

Dada alilia siku hiyo. Mimi simjui kwa kulia. Alipofiwa na mumewe alilia ndani ya mto, hatukumwona. Siku hiyo alilia mbele yetu na chafya zinamkatiza, hata kulia hakukulia vizuri.

Tukaanza dawa. Habbasoda ikakaangwa ikafungwa kitambaani, akawa anainusa kama maiti anusavyo kafuri. Tangawizi ikachemshwa. Mtu akaleta viksi, akapakwa mpaka kwenye nyayo. Wengine, japo hawakuambiwa kitu, waliona macho yake wakasema ni kijicho, amehusudiwa na wapika udi wenziwe, kikaletwa kisomo. Kisomo kilisaidia moyo, pua ikabaki pale pale.

Ndipo nikakumbuka kwamba sisi ni watu wa Mvita, na dawa yetu iko juu ya ukuta. Mti unaotibu maradhi arobaini utashindwa na chafya? Nikavua kanzu, nikapanda ule mwarobaini mwenyewe, mimi na tumbo langu hili, na watu wa mtaa wananishangilia. Nikakata matawi yaliyojaa maua hasa, kwa sababu niliona yenye maua ndiyo yenye nguvu. Mengine tukayatundika juu ya kitanda chake, mengine tukayachemsha tukamfunika blangeti ajifukize, mengine nikayasambaza chini ya mkeka. Chumba kikawa cheupe kama cha bwana arusi.

Alitoka chini ya blangeti lile macho yamevimba hata nikamwamkia mara mbili nihakikishe ndiye.

"Badawi," akasema, "naona nazidi."

"Dawa yavuta, Dada. Dawa ikivuta sharti iume kwanza."

"Na ikishavuta?"

"Ikishavuta yaacha."

"Wee waniponya au wanimaliza nirithiwe kasha?"

Msinitazame hivyo. Mzee yeyote wa mji huu angefanya niliyoyafanya, na angekata matawi machache zaidi kwa uvivu.

Nikateremka kwenda kuleta mzigo wa pili, na kwenye ngazi nikakutana na Nanjala. Nanjala alikuwa amepanga chumba cha chini na mumewe Seth, kijana wa reli. Watu wa Bungoma, wapole, wanalipa kodi yao na hawana kelele. Alikuwa amesimama na ndoo, ananitizama nilivyojaa maua kichwani.

"Bwana Badawi, pole. Hayo maua unampelekea mgonjwa?"

"Ndiyo dawa yetu hii, Nanjala. Nyie bara mna miti yenu."

"Naona ndiyo yanamgonjwesha."

Nikacheka. Nilicheka hata nikashika ukuta.

"Usicheke, bwana. Kwetu mahindi yakichanua, mama yangu alikuwa hivyo hivyo. Macho, pua, chafya, chakula hasikii ladha. Ule unga wa maua ndio ulikuwa unamfanya hivyo. Baba alikuwa anampeleka kwa shangazi yake, mahali pa ng'ombe tupu, hakuna hata bua moja. Anakaa huko mpaka mahindi yakauke, anarudi mzima."

"Nanjala mwanangu, mahindi ni mahindi. Huu ni mti wa dawa."

"Na mahindi si chakula? Na yalimshinda."

Nikapanda juu kumchekesha Dada kwa maneno yale. Hakucheka. Aliudhika.

"Mwambie Nanjala ahsante," akasema kitandani. "Nimezaliwa chini ya mti huu. Haujanifanya kitu umri wangu wote."

Na Nanjala, maana dari ile yapitisha kila neno, akajibu kutoka chini kwa adabu kabisa, "Hata mama yangu alizaliwa kwenye mahindi, Mama Mahfudha."

Basi tukabaki hivyo, Dada na matawi yake na mimi na ushujaa wangu, mpaka ukaja ujumbe kutoka Kibokoni. Bi Sheikha asalimu sana, na inshallah Alhamisi atakuja na jamaa zake kutizama vyombo vya bibi arusi, na roho yake yautamani ule udi ambao mji wote wausema. Aliyeleta ujumbe alipokwisha kwenda zake, Mahfudha akasema, "Mama, tununue kwa mtu. Nani atajua?"

"Yeye atajua," Dada akasema. "Na wewe utajua. Utafukiziwa nguo zako udi wa mkono wa mtu mwingine, na mamako yu hai?"

Mahfudha akambusu mkono, yakaisha.

Asubuhi yake akaamka na jambo jipya. Arusi yataka samaki, na kwa desturi samaki hununuliwa na mimi Liwatoni, kwa kuwa Dada hajakanyaga kule tangu ujana wake. Pua ile ingepasuka. Lakini siku hiyo akavaa buibui akasimama mlangoni.

"Leo nakwenda mwenyewe," akasema. "Pua imekufa, basi na inifae kwa hili moja. Miaka yote hii wee waniletea samaki wa bei ya juu."

Nikalimeza hilo. Tukachukua teksi tukavuka kisiwa. Alipiga chafya Makadara, akapiga chafya barabara nzima yenye miti, mpaka dereva akafungua dirisha lake akatoa kichwa nje. Tukafika Liwatoni, tukashuka mpaka kwenye gati ambako hakuna mti hata wa kufungia mbuzi, ni saruji na kamba na maji, na upepo unakupiga usoni.

Dada akaanza kazi. Muuzaji alikuwa kijana mmoja hodari wa maneno, Jamaldin, na mbele yake nguru wamelala kama magogo.

"Mama, huyu ametoka majini sasa hivi. Bado hajajua kama amekufa."

"Yeye hajajua, miye najua. Mbona jicho lake lina ukungu?"

"Ukungu wa usingizi huo, mama. Amevuliwa alfajiri."

"Akiwa amelala, mwamshe anitajie bei yake, yako siiwezi."

Wakaendelea hivyo, watu wakakusanyika kusikiliza, maana Dada akishika bei huwa kama mtu anayecheza bao. Mimi nilikaa juu ya kreti nikawa naona upepo. Sikuona ni lini hasa alipoacha kupiga chafya. Nilichoona ni kwamba alinyamaza katikati ya neno, mkono wake umebaki hewani juu ya nguru.

"Badawi."

"Naam, Dada."

"Kuna kitu chanuka."

"Dada, hapa ni Liwatoni."

"Najua ni wapi. Nasema kuna kitu chanuka." Akageuza uso polepole, kama mtu anayesikiliza mtoto kulia nyumba ya mbali. Akanyosha kidole. "Kile kikapu, kule nyuma, chini ya turubali. Papa. Si wa leo, wala si wa jana. Na aliyemtia chumvi alimpunja."

Jamaldin akasimama. "Mama, nani amekwambia kuna papa pale?"

Dada alikwenda mpaka kwenye kile kikapu, akaliinua turubali kwa mikono yake miwili, na nyie mnajua papa aliyeharibika akifunuliwa juani huwaje. Watu walirudi nyuma. Mimi niliruka kreti. Dada aliinama juu yake akavuta pumzi kama mtu anayenusa waridi, machozi yanamshuka.

"Ananuka," akasema. "Wallahi ananuka, Badawi. Alhamdulillahi, ananuka vibaya sana."

Nimeishi mji huu umri wangu wote, nimeona mengi, sijaona bibi wa watu amesimama gatini kwa buibui la hariri anamshukuru Mungu kwa papa aliyeoza. Jamaldin alidhani anafedheheshwa, akasema atamtupa saa ile ile, alikuwa amemsahau tu.

"Mtupe, mwanangu," Dada akamwambia, anacheka na analia. "Lakini nakushukuru kwa kutomtupa jana."

Akanunua nguru kwa bei ya Jamaldin, hakushindana tena. Hapo ndipo nilipojua furaha imemzidi.

Tukashika njia ya kurudi. Makadara akapiga chafya. Tukaingia mitaani, akapiga nyingine. Tulipofika nyumbani akapita moja kwa moja mpaka uani, akasimama chini ya yale matawi, na vijiua vikamdondokea juu ya buibui, na chafya zikaja mfuatano hata akashika ukuta. Alipozimaliza alibaki akiutizama mti kwa muda mrefu. Hakuulaani. Aliutizama kama unavyomtizama jamaa yako mwema ambaye umegundua hamuwezi kukaa chumba kimoja.

"Nanjala yuwapo?" akauliza.

Nikasema nimwite. Akasema hapana, akateremka mwenyewe, na ngazi zile hajapata kuziteremka kwenda kwa mpangaji. Akagonga mlango wake, akakaribishwa kigoda, akakaa.

"Mwanangu," akamwambia, "mama yako kule kwenu, kama hakwenda kwa ng'ombe, nyumbani alikuwa akifanyaje?"

Nanjala hakujisifu wala hakumkumbusha kitu. Mimi ningemkumbusha. Alisema tu, "Alikuwa anafunga nyumba. Anatundika nguo ya maji dirishani, ile inashika unga. Sakafu tunapangusa kwa maji, hatufagii, ukifagia unauamsha. Na aliyetoka shambani haingii ndani na nguo za shamba, hata baba."

"Hata baba," Dada akarudia, akanitizama mimi.

Basi kazi ikafanywa. Yale matawi niliyoyapandisha kwa shangwe niliyateremsha kimya, nikayapeleka mbali. Mkeka ukakung'utwa nje ya mtaa, blangeti likafuliwa. Nanjala na Mahfudha wakapangusa sakafu kwa maji, wakatoa leso zote za nyumba ile, mpya na kuukuu, wakazilowesha, wakazitundika kila dirisha na kila mlango. Ukiingia ulikuwa wapigwa na leso ya maji usoni, maandishi yake yakakuchapa shavuni, na ndani mlikuwa baridi na nusu giza kama pangoni. Dada akaoga, akaosha nywele, akavaa nguo zilizotoka kashani. Hakutoka tena nje.

Pua haikurudi kama gatini. Ilirudi kama mtu aliyeghadhibika, hatua kwa hatua. Kwanza alisikia kahawa. Kisha sabuni ya Nanjala. Jumanne alisikia mawardi kwa tundu moja la pua, na Mahfudha akapiga vigelegele, akanyamazishwa. Jumatano, siku moja kabla ya Bi Sheikha, Dada akasema leo au basi.

Hakupikia uani. Seredani iliwekwa ndani, karibu na mlango, nyuma ya leso mbili za maji. Aliyafungua mafundo ya vitambaa aliyoyaficha kashani, akavitoa vipande vyake. Alijua kwamba vikiungua hakuna vingine na hakuna siku nyingine. Sukari ikachemka, ikaanza kugeuka rangi. Mahfudha alikuwa anachungulia.

"Mama, yawa nyekundu."

"Udi haupikwi kwa rangi."

Akafumba macho. Nanjala anasema hapo ndani kulikuwa kimya hata maji ya leso yalisikika yanavyodondoka. Pua ya Dada ikatikisika, wote wakadhani ni chafya. Dada akaubana mdomo, akangoja, chafya ikapita kama mgeni aliyekosea nyumba.

"Bado," akasema.

Povu likapanda.

"Bado."

Mahfudha akamshika Nanjala mkono. Dada akavuta pumzi moja ndefu, akafungua macho, akaiepua sufuria mwenyewe kwa mikono yake.

"Sasa," akasema, akaketi chini sakafuni pale pale.

Alhamisi Bi Sheikha akaja na jamaa zake. Alipigwa na leso ya maji mlangoni, akauliza kama ni mila mpya, akaambiwa ni joto. Akatizama vyombo, akagusa mito, akahesabu vikombe kwa macho. Kisha kikaletwa chetezo. Dada alitia kipande kimoja juu ya kaa, akakaa nyuma na mikono pajani.

Moshi ukapanda. Bi Sheikha alisimama, akasogea, akainua pindo la buibui akakiingiza chetezo chini yake, akakaa pale. Jamaa zake wakangoja zamu yao. Wakangoja sana. Alipotoka alikwenda hatua chache, akarudi tena kwenye chetezo.

"Mwanatumu," akasema mwisho, "hii sukari waitoa wapi?"

"Dukani, Bi Sheikha. Pale utoapo yako."

"Nifungie kidogo nikawaonyeshe nyumbani."

Huyo ndiye Bi Sheikha, na kwa mdomo wake hiyo ni qasida nzima. Walipokwisha kuteremka, Dada alilala pale pale juu ya mkeka na leso ya maji usoni, akakoroma mpaka alasiri, Mahfudha amekaa miguuni pake anamkanda. Arusi ilikuwa, na nguo za Mahfudha zilifukizwa udi wa mkono wa mama yake, na wapita njia walisimama chini ya dirisha wakasahau walikokuwa wakienda.

Mti haukukatwa. Jirani alitaka kuukata, Dada akamkataza, akasema una dawa za watu wengine. Tangu mwaka ule, vijiua vya kwanza vikidondoka, leso huloweshwa, sakafu hupanguswa kwa maji, mimi huvuliwa kanzu mlangoni kama mwizi, na siku akizidiwa twampeleka Liwatoni akavute pumzi. Wavuvi wamemzoea. Nanjala ana mtungi wake wa udi kila Idi, na Seth alalamika kwamba akenda kazini stesheni nzima yamwuliza ameoa lini tena.

Lakini kuna jambo moja ambalo halijulikani, na kwa kuwa naandika ni lazima liandikwe. Pale sukari ilipofika mwisho wake, pumzi ile moja niliyowaambieni, Dada alisita. Nani hasiti? Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake, jasho lanitiririka, nikanusa mara moja tu, nikaona sasa ndiyo sasa, nikamshika bega nikamwambia, "Dada, epua," na lau si mimi siku ile, arusi ya Mahfudha na jina la nyumba yetu vingeku—

"Badawi," asema Dada, amesimama nyuma ya kiti changu na dele mkononi, nami naandika huku najisomea kwa sauti, nikidhani yuko jikoni. "Siku ile ulikuwa Marikiti. Nilikutuma makaa, ukarudi udi ushapoa, na makaa hukuleta."